Kabla ya Kuzaa

Mama mkubwa alikishika kiriba kwa mkono wa kushoto, akakigonga chini mara mbili kwa kiganja cha kulia, na bonge la udongo likatoka zima kama keki. Akalipasua taratibu kwa vidole. Mche ulikuwa na majani yenye kung'aa, mrefu kuliko wenzake wote wa mstari ule, na mimi ndiye niliyeuchagua. Nilikuwa nimeambiwa nitoe kitaluni miche hamsini ya kupeleka shambani, nikaanza na ile mikubwa, kama mtu yeyote asiyeijua kazi.

"Ona," akasema.

Mzizi mkuu ulikuwa umeshuka vidole viwili hivi, ukakunjwa, ukageuka kurudi juu kama ndoano. Aliyeuhamisha kutoka kwenye tuta la kuoteshea, akaeleza, alitoboa shimo fupi kwa kijiti. Mzizi ulipogoma kuingia akausukuma tu, akafukia. Akautupa mche wangu kwenye lundo la majani makavu ya migomba.

"Lakini mama, huo ndio mzuri kuliko yote."

"Mzuri humu kiribani, baba. Hapa unanyweshwa kila asubuhi na juu kuna kivuli. Ukifika shambani kiangazi kikakaza, utashika wapi?"

Kitalu kiko Machame, mlimani Kilimanjaro, kando ya mfereji, na ni cha kikundi cha akina mama wanaootesha kahawa kwa mbegu na kuuza miche. Niliinama pale nusu siku nzima nikigonga viriba. Tulitupa miche tisa. Yote tisa, ukiitazama kwa juu, ilikuwa na afya.

Nakiri mapema kwamba nina mashaka na mifano ya shambani. Wahubiri wameishika hadi imechakaa kama noti ya elfu moja, na uliochakaa kuliko yote ni ule wa mbegu. Katika makanisa mengi ya mjini siku hizi, kupanda mbegu hakuna uhusiano wowote na jembe. Maana yake ni kutoa fedha, tena kutoa kwa kutarajia. Mazungumzo ya namna hiyo hayakuzaliwa kwetu. Mhubiri wa Kimarekani Oral Roberts, wa Tulsa, Oklahoma, ndiye aliyeyapa nguvu mafundisho ya mbegu ya imani katika karne iliyopita, nayo yakatufikia kwa vitabu, kanda na mikutano ya hadhara, hadi leo bibi asiyejua Oklahoma iko upande gani wa dunia anaulizwa madhabahuni amepanda mbegu gani mwezi huu. Mkulima akisikiliza vizuri angecheka. Mbegu ya namna hiyo hupandwa Jumapili ikavunwa kabla ya mwisho wa mwezi, na katikati hakuna kitu: hakuna kitalu, hakuna palizi, hakuna magonjwa kama chulebuni na kutu ya majani. Na mzizi hautajwi kabisa.

Sisemi haya nikiwa nimesimama nje ya uzio. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, karani wa manunuzi katika kampuni moja ya Dar es Salaam, na Januari ya mwaka wangu wa pili kazini niliupeleka mshahara wote kanisani ndani ya bahasha ya kaki iliyoandikwa "Malimbuko". Tulifundishwa kwamba mshahara wa kwanza wa mwaka ni wa Mungu, na ukishamkabidhi huo, miezi kumi na mmoja iliyobaki inawekewa ulinzi. Februari nilikopa nauli.

Hiyo naweza kuicheka. Kuna bahasha nyingine ambayo siwezi. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mzigo na kutia sahihi. Lori linaingia na saruji, hati inasema mifuko mia mbili, mimi nahesabu mia na themanini na mitano. Dereva ananiita nyuma ya lori, ananisalimia kwa heshima, "Bwana asifiwe, mtumishi," kisha ananikunjia noti mkononi. "Ya soda." Soda yenyewe ingetosha kreti tatu. Nikatia sahihi mia mbili. Jumapili iliyofuata nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka naona haya hata nikiwa peke yangu chumbani: niliitolea ile pesa fungu la kumi. Nilipiga hesabu vizuri kwenye simu, nikatenga asilimia kumi bila kupunja, nikaandika jina langu na namba yangu ya bahasha. Nilitoka kanisani mwepesi. Nilijiona mwaminifu.

Watu wengi wanaoukemea ushabiki wa utajiri makanisani husema kwamba waumini wameuruka ule mstari wa Mathayo sura ya sita unaotaka ufalme wa Mungu na haki yake vitafutwe kwanza, ndipo hayo mengine yaongezwe. Mimi sikuuruka. Niliujua kwa moyo, niliuimba, na kwa namna yangu niliutii, maana Mungu alikuwa wa kwanza kabisa katika foleni ya malipo yangu. Tatizo langu lilikuwa jinsi nilivyolisoma hilo neno "kwanza". Nililisoma kama linavyosomeka kwenye mlango wa choo cha stendi: lipia kwanza. Ukishalipa, unapita.

Ukiisoma sura yenyewe kwa utulivu, bila kuuchomoa mstari mmoja na kuutundika ukutani, unakutana na watu wa aina nyingine kabisa. Wanaoambiwa maneno yale ni watu wenye hofu ya chakula, kinywaji na nguo. Ndiyo orodha nzima hiyo. Ndege wanatajwa kwa sababu wanakula bila kuwa na ghala, na maua ya kondeni kwa sababu yamevikwa bila kufuma. Kwa hiyo hayo mengine yanayoahidiwa kuongezwa ni yale yale yaliyokuwa yakiwanyima usingizi, yaani ugali, maji na shuka. Gari la V8 halimo, wala kiwanja cha pili. Na kabla tu ya hapo kuna maneno makali kuhusu kutumikia mabwana wawili, na kuhusu nondo na kutu na wezi wavunjao nyumba. Na mara baada ya hapo msikilizaji anaambiwa asiisumbukie kesho. Neno "kwanza" limewekwa katikati ya mambo hayo kama dawa ya hofu. Sisi tumeligeuza kuwa kiamsha tamaa.

Ipo pia salamu ya Yohana kwa rafiki yake Gayo, mwanzoni mwa waraka wake wa tatu, ambamo anamtakia mafanikio na afya. Huo ndio mstari ambao Oral Roberts mwenyewe alisimulia kwamba uliyabadilisha maisha yake mwaka 1947. Sina ugomvi na mtu kumtakia rafiki yake mema. Barua zetu zote za zamani zilianza hivyo, nakuombea afya njema na wote hapo nyumbani. Ila Yohana ameweka kipimo: anamtakia Gayo mambo yake yaende vizuri kwa kadiri ile ile ambayo roho yake tayari inaendelea vizuri. Ni dua ya hatari hiyo kuisema kwa kila mtu. Ningeombewa hivyo mimi mwaka ule wa saruji, mambo yangu yakaenda kwa kadiri ya roho yangu, ningefilisika kabla ya Pasaka.

Na haya si mambo ya bahasha tu. Tarehe 1 Februari 2020, jioni, Majengo pale Moshi mjini, watu waliokuwa kwenye mkutano wa maombi walikimbilia mahali palipomwagwa mafuta ya upako ili wakanyage. Watu 20 walikufa kwa kukanyagana, watoto wakiwemo. Tangu siku ile nimesikia mizaha mingi kuhusu waliokufa, kwamba ni ujinga, kwamba ni uvivu, kwamba hawakusoma. Mizaha hiyo hutolewa zaidi na watu walioshiba. Mimi nilikuwa na cheti na mshahara na bado nililipa mwezi mzima kununua ulinzi. Tofauti yangu na yule mama aliyekwenda Majengo na mwanawe mgongoni ni kwamba mlango wangu haukuwa na msongamano. Na mwana mgonjwa akikuzimikia mkononi, au ada imekwama na muhula umeanza, ukasikia kwamba hatua moja tu juu ya mafuta inatosha, utasimama pembeni uchambue theolojia? Ninachojiuliza ni nani aliwafundisha watu wale, kwa miaka mingi na kwa sauti tamu, kwamba Mungu yuko upande wa pili wa mafuta na anayechelewa atamkosa.

Kwa sababu hiyo siwezi pia kuungana na wale wanaoyajibu haya yote kwa kuusifia umaskini. Umaskini hauna utakatifu wowote ndani yake. Katika kitabu cha Mithali, sura ya thelathini, Aguri anaomba asipewe utajiri, ndiyo, lakini katika pumzi hiyo hiyo anaomba asipewe umaskini pia, kwa kuwa anajijua: akishiba sana atamsahau Mungu, na akikosa sana ataiba. Sijasikia mkutano wa maombi uliobandikiwa tangazo la dua ya Aguri. Mchungaji anayekula nyama kila Jumapili nyumba kwa nyumba, kisha anawaambia waumini wake waridhike na mboga, hatofautiani sana na anayewauzia mafuta.

Na huku kwetu mlimani suala hili ni la zamani kuliko mikutano ya upako. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. Wakatoliki wa Kilema walipanda kahawa kabla karne ile haijaisha. Yaani injili na kahawa vilipanda mlima karibu pamoja, wakati mwingine kwa mikono ile ile, na babu zetu hawakupata nafasi ya kuvitenganisha. Chama cha wakulima Wachaga cha mwaka 1925, na ushirika wa KNCU uliokirithi mwaka 1933, viliuza buni iliyolipa ada, ikaezeka bati, ikajenga makanisa ya mawe. Aliyekuwa na mibuni mingi alikaa benchi la mbele. Kisha mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliogawa viwango vya mauzo ya kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, na miaka ya mwanzo ya karne hii watu waling'oa mibuni waliyorithi wakapanda nyanya. Nilikuwa kijana mdogo. Nakumbuka mzee mmoja jirani yetu alikaa juu ya kisiki alichokikata mwenyewe, shoka limelala miguuni, hasemi. Jumapili hiyo hakwenda kanisani, na Jumapili nyingi zilizofuata hakwenda. Wengine, maskini vile vile, waliendelea kwenda na mkungu mmoja wa ndizi begani. Sikuelewa wakati ule kwamba nilikuwa naonyeshwa nani alikuwa ameshika wapi.

Mkungu huo ulikuwa wa mnada. Asiyewahi kuuona mnada wa Kilutheri amekosa kitu. Ibada ikiisha watu wanatoka nje, na mzee wa kanisa anasimama kwenye ngazi na vile vilivyoletwa na wasiokuwa na fedha: kuku aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, mayai matatu ndani ya kikombe, maziwa kwenye kibuyu. Vinanadiwa. Yai linaweza kuuzwa, aliyelinunua akalirudisha linadiwe tena, na yai moja likaizidi bei ya trei nzima ya sokoni. Mnada huo una mapungufu yake; wapo wanaonunua kuku ili waonekane wamenunua kuku. Lakini sijapata kumwona mwenye kuku akirudi nyumbani kuwasubiri kuku kumi. Alitoa kuku. Habari yake ikaishia hapo.

Kwa hiyo kuota mizizi ni kitu gani hasa? Nisingependa tuishie kwenye maneno mazuri. Mtu anaweza kulia kwenye maombi kila Ijumaa na mzizi wake ukawa umekunjwa kiribani, na mimi ni ushahidi. Inanisaidia kukumbuka Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliochipuka Uganda na Rwanda. Mwaka 1929 daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, Joe Church, alikutana kilimani Namirembe, Kampala, na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa ameacha kazi ya serikali. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ulishika Gahini, ukavuka mipaka hadi Bukoba na kwingineko Tanganyika, na Kenya. Waliookoka wakaitwa Balokole. Walikuwa na makosa yao, ukali na kuhukumu wenzao likiwa moja. Lakini kilichowashangaza majirani ni kwamba mtu akishaokoka alianza kurudisha vitu. Jembe la jirani. Mbuzi wa shemeji. Fedha alizochukua kwa mwajiri. Toba ilikuwa na miguu, ikatembea hadi mlangoni kwa mtu.

Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka, alifanya hivyo hivyo pale Yeriko, tena mara nne. Na tuangalie: hakuna popote tunapoambiwa kwamba baada ya hapo biashara ya Zakayo ilistawi. Habari inaishia akiwa na fedha pungufu na furaha nyingi.

Nami nilijaribu. Ilinichukua karibu miaka mitatu kufika hapo, na sitajifanya kwamba ni nuru ilinishukia. Ilikuwa ni kutolala vizuri. Nilikaa na daftari nikazipiga hesabu zile soda zote kadiri nilivyokumbuka, na mapengo ya mifuko, nikapata kiasi kilichonitisha. Nikaweka pembeni kidogo kidogo. Siku nilipompelekea mhasibu ule mkupuo wa kwanza, alifunga mlango, akanitazama kana kwamba nimemletea nyoka.

"Sasa ndugu yangu, hii niiandike nini?"

"Andika ni marejesho."

"Marejesho ya nini? Mfumo hauna kifungu cha toba."

Tulicheka wote wawili, kisha tukaacha kucheka. Jambo likapanda ngazi, kama lilivyostahili kupanda. Sikufukuzwa, ila niliondolewa kwenye manunuzi nikapelekwa kwenye dawati ambalo halina lori wala soda, na kila mwezi kiasi fulani kilikatwa hadi deni likaisha. Wanaopenda shuhuda watakuwa wanasubiri hapa niseme kwamba baada ya miezi sita nilipigiwa simu, nikapewa cheo, na sasa naendesha gari. Shuhuda zetu zimezoea kuishia kwenye gari. Sikupandishwa cheo. Waliopandishwa ni wengine, na mmoja wao namjua anavyohesabu.

Hapa ndipo Zaburi ya 73 ilipoacha kuwa maneno kwangu. Asafu anakiri humo kwamba miguu yake ilikaribia kuteleza alipowaona waovu wakistawi, wamenenepa, hawana taabu. Hakujificha, na hakusema kwamba aliona vibaya. Aliona sawasawa. Kilichobadilika, anasema, kilibadilika baada ya kuingia patakatifu pa Mungu, akayatazama mambo kutoka huko. Mali za watu wale zilibaki pale pale. Nadhani mtu hajaanza kuota mizizi mpaka afike mahali pa kuuliza: je, kama hayo mengine hayataongezwa, bado nautaka ufalme? Swali hilo halipendezi kulijibu kwa sauti mbele ya watu. Mimi hulijibu ndiyo asubuhi, na jioni sina uhakika.

Ni makosa kudhani kwamba mizizi inahitajika kwa ajili ya njaa tu. Paulo, akiwaandikia Wafilipi kutoka kifungoni, anasema amejifunza kupungukiwa na amejifunza pia kuwa na tele. Mstari unaofuata, ule wa kuyaweza yote, ndio uliobandikwa kwenye vioo vya daladala nusu ya Dar es Salaam, lakini huu wa kujifunza tele sijauona kwenye kioo chochote. Tunachukulia kwamba kupungukiwa ndiko kunakohitaji shule, na tele kila mtu amezaliwa anaijua. Paulo anaviweka darasa moja.

John Wesley, Mwingereza wa karne ya 18 ambaye harakati zake zilizaa kanisa la Methodisti, alisimulia habari za kijana mmoja wa Oxford, na wengi huamini alikuwa akijisema mwenyewe. Kijana huyo alipata pauni 30 kwa mwaka, akaishi kwa 28, akatoa 2. Mwaka wa pili akapata 60. Akaishi kwa zile zile 28, akatoa 32. Kisha 90, kisha 120, na bado alikula pauni 28. Haikuwa hesabu ya mchoyo, kwa kuwa kilichozidi hakikukaa ndani. Hata hivyo Wesley huyo huyo uzeeni alikuwa na wasiwasi ambao naona unatuhusu moja kwa moja: kwamba dini ya kweli humfanya mtu awe mchapakazi na asiyeponda mali, uchapakazi na uangalifu huleta utajiri, na utajiri ukija huila ile dini iliyouleta. Hata Balokole wetu unaweza kuwatazama kwa jicho hilo. Mtu aliyeacha pombe, akaacha nyumba ndogo, akalipa madeni, halafu jioni yuko nyumbani, mara nyingi mfuko wake utatulia tu, hata asipopanda mbegu ya bahasha. Watoto watasoma. Swali linarudi kwa wajukuu, waliozaliwa ndani ya nyumba ya tofali na kukuta imani ukutani kama kalenda.

Mama mkubwa hajasoma Wesley. Lakini mwaka juzi nilimkuta shambani kwenye mibuni michanga iliyotoka kwenye ile miche niliyobeba, anapukuta punje za kijani na kuziacha zidondoke. Yalikuwa mazao ya kwanza. Nilihisi kama anamwaga mchele. Akanieleza bila kugeuka: mbuni mchanga haujui kukataa. Miti mingine ikielemewa hupukutisha matunda yenyewe, lakini mbuni ukishashika punje huzing'ang'ania zote, unazilisha mpaka majani yananyauka na matawi yanakauka kuanzia nchani. Unakufa kwa kuzaa. Usipoupunguzia ukiwa mdogo, mwaka mmoja utakushangaza kwa mzigo, na mwaka unaofuata unakata kuni.

"Basi unanyimwa," nikasema.

"Unasubirishwa."

Kuhusu mama mkubwa nisiwape picha isiyo kamili. Nyumbani kwake, juu ya kabati la vyombo, pembeni ya Biblia na kitabu cha nyimbo, kuna chupa ndogo ya mafuta ya upako. Niliiona siku ya kwanza nikajifanya sijaiona. Siku ya tatu nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza yeye, mwenye kutupa miche iliyopinda, anafanya nini na kitu hicho.

"Aliniletea mdogo wako kutoka Dar. Nimkatalie?" Akakaa kimya kidogo, akisugua goti. "Na magoti yakiuma usiku, mwanangu, napaka. Mungu anajua naomba nini."

Sikuwa na jibu, na sina.

Kuna jambo jingine sikumwambia wakati ule. Siku ile ya kitalu, jioni, wengine walipokwenda kunawa mferejini, nilirudi kwenye lundo la majani ya migomba nikauokota ule mche wangu wa kwanza, ule mzuri. Nilishindwa kuuacha. Nikachimba shimo pembezoni mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani, karibu na uzio, nikaupanda na mzizi wake uliokunjika vile vile. Mama mkubwa alikuja kuugundua baada ya wiki. Hakuung'oa.

Ulishika. Umekua, na mwaka jana ulizaa kuliko ule ulio jirani yake. Kila nikienda mlimani naupitia kwanza kabla sijaingia ndani kusalimia, na yeye ananiona nikiupitia. Mara ya mwisho nilipata ujasiri wa kumwambia, "Mama, naona huu umekataa kufa."

"Subiri kiangazi," akasema.

Vimepita viangazi viwili. Juzi kanitumia ujumbe kwamba mvua za vuli zimechelewa na mfereji unapitisha maji kwa zamu, saa mbili kila nyumba, na kwamba katika zamu yake ameumwagia na ule wa uzioni ndoo moja.